Kutoka Nakuru hadi Ziwa Turkana nikiwa peke yangu: nipite upande gani wa ziwa?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Hamjambo nyote. Nimefundisha Historia katika shule za upili kwa miaka 31, na katika muda huo nimechora ubaoni ramani ya Ziwa Turkana mara zisizohesabika, nikatia nukta Koobi Fora, nukta Nariokotome, nukta Lothagam, mahali palipofukuliwa mabaki ya kale, bila kuwahi kukanyaga hata moja kati ya nukta hizo. Nilistaafu mwezi wa Aprili. Sasa nataka kwenda kuziona kwa macho yangu, na nitakwenda peke yangu, kwa kuwa kila mwenzangu niliyejaribu kumshawishi anataka Mombasa.

Nimeanza na maeneo yaliyo karibu na nyumbani. Nimerudi Hyrax Hill, ambako mtafiti Mary Leakey alichimba mwaka 1937, kisha nikaenda Kariandusi, upande wa Elmenteita, ambako mashoka ya mkono yaliyochongwa na binadamu wa kale yameachwa chini palepale yalipofukuliwa, mengine yakiwa ya obsidiani, jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa iliyovunjika jana. Ziara hizo hazikunituliza hata kidogo. Nimekuwa kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi akanyimwa wali.

Gari langu ni Prado ya dizeli, kuukuu lakini imetunzwa, na nina siku 12. Njia ninazozifikiria ni mbili. Ya kwanza inapita Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr hadi Loiyangalani, kisha North Horr na jangwa la Chalbi, na kurudi kwa Marsabit na Isiolo. Ya pili inapita Eldoret, Kitale, Kapenguria hadi Lodwar, kisha pwani ya magharibi ya ziwa. Ninaomba ushauri wa mtu aliyepita, si wa mtu aliyesikia. Je, ni njia ipi inayofaa mtu mmoja ndani ya gari moja? Na je, nikifika, kuna kitu cha kuona, au nitakuta mawe tu na upepo? Wanangu wanasema nimepoteza akili, lakini hilo si swali ninalouliza hapa.

Dereva wa Zamani, Kitale

Mwalimu, salamu kutoka Kitale. Niliendesha lori la chakula cha msaada kati ya hapa, Lodwar na Lokichoggio kwa miaka 14, kwa hiyo nitakujibu kuhusu barabara na kuwaachia wengine habari za mifupa.

Gari moja, mtu mmoja: pita magharibi. Ule mzunguko wa mashariki ni mzuri kuliko huu wetu, sikufichi, lakini ukishaiacha lami ya Maralal unaingia katika nchi ambamo gari likiharibika unaweza kukaa hadi kesho ukimsubiri mpita njia. Huku kwetu kuna malori, kuna matatu za Lodwar, na sehemu kubwa ya safari ni lami. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300. Lala Kitale, uondoke alfajiri, ujaze tangi Makutano ya Kapenguria, na kama unapenda historia ya karne hii iliyopita, tenga saa moja uingie katika jumba la makumbusho la Kapenguria, ndani ya gereza walimofungwa Kenyatta na wenzake watano. Baada ya hapo barabara inaanza kuteremka kuelekea Marich. Utaijua Marich bila kusoma kibao, kwa maana koti ulilolivaa Kapenguria utakuwa umelivua, na upepo unaoingia dirishani utakuwa na joto la jikoni.

Ukifika Kainuk, simama kwenye kizuizi cha polisi uwaulize hali ilivyo siku hiyo kati ya hapo na Lokichar. Kumekuwa na wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani katika eneo hilo kwa miaka mingi. Mwezi Februari 2023 Serikali ilitangaza oparesheni ya usalama katika kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwamo. Kuna majuma ambayo ni shwari kabisa na kuna siku ambazo magari husafiri kwa msafara. Wakikwambia ngoja, ngoja. Usiwe barabarani baada ya saa kumi na moja jioni, hata kama Lodwar imebaki kilomita thelathini.

Jambo la pili ni laga. Laga ni mto wa mchanga usio na maji, na mgeni huuona kama uwanja. Siku moja nilisimama ukingoni mwa laga moja kaskazini mwa Lokichar ili nipooze injini. Jua lilikuwa likiwaka, hapakuwa na wingu. Wanawake waliokuwa wakiteka maji katika shimo walilolichimba mchangani walianza kukusanya mitungi yao kwa haraka bila kusema neno, nami nikashangaa. Baada ya dakika chache nikasikia mlio kama wa lori linaloshuka mteremko kwa gia nzito, kisha likaja povu la kahawia limebeba vijiti, kinyesi cha mbuzi na ndara moja ya buluu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, na sisi hatukuona hata tone. Kwa hiyo usiegeshe gari ndani ya laga kwa sababu ya kivuli cha miti, wala usipige hema humo hata usiku mmoja.

La tatu ni matairi. Safari yangu moja ya mwisho, kwa gari dogo langu mwenyewe, niliuziwa mjini tairi lililoonekana jipya, meno yake yakiwa marefu, na likapasuka kabla ya Lokichar. Nilipolitazama vizuri ubavuni nikaona nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka. Tangu siku hiyo husoma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 3516 maana yake ni tairi lililoundwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Chukua matairi mawili ya akiba, pampu, jeki pamoja na kipande cha ubao cha kuiwekea chini ili isizame mchangani, mkanda wa feni, maji ya rejeta, na lita 40 za maji ya kunywa yasiyohesabiwa pamoja na hayo ya rejeta. Ukiingia mchangani, punguza upepo wa matairi kutoka 36 hadi kama 20, na ukitoka ujaze tena kabla ya kukimbia.

Mchekecha Mchanga, Kisumu

Mwalimu, mimi nilifanya kazi ya kibarua kwa misimu miwili katika uchimbaji wa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, upande wa magharibi wa ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha mchanga, ndoo baada ya ndoo, na jina ninalotumia hapa nilipewa na wenzangu. Swali lako la kama utaona mawe tu na upepo ni swali zuri, kwa hiyo nitalijibu bila kulipamba.

Mifupa yenyewe hutaikuta. Ikishatolewa ardhini huhifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na ile maarufu iko Nairobi. Yule kijana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na mtafuta visukuku Kamoya Kimeu mwezi Agosti 1984, amehifadhiwa huko, zaidi ya mifupa mia moja ya mtoto mmoja aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita akiwa tayari na kimo cha karibu sentimita 160. Pale Nariokotome kumebaki mnara wa ukumbusho, miiba, na mto wa mchanga. Ukienda ukitarajia kabati la vioo utarudi umekasirika. Ningekushauri upitie makavazi ya Nairobi kabla ya safari, ulitazame fuvu, kisha uende ukapaone mahali Kamoya alipoinama akaokota kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kilichofanana rangi na vijiwe vilivyokizunguka. Hapo ndipo utakapoelewa jicho la mtu yule lilikuwa la namna gani.

Kitakachokushughulisha ni ardhi. Ziwa hili limepanda na kushuka mara nyingi, na mito, hasa Omo unaotoka Ethiopia, imekuwa ikilimwagia mchanga na tope kwa mamilioni ya miaka. Mnyama aliyekufa karibu na maji alifunikwa upesi kabla fisi hawajamaliza kazi. Kisha volkano zikatupa majivu, yakatanda kama shuka juu ya tope, na majivu hayo ndiyo yanayowawezesha wanasayansi kupima umri wa tabaka, kwa sababu potasiamu iliyomo hubadilika kuwa agoni kwa kasi inayojulikana. Baadaye ardhi ikainuka na kupasuka, mvua chache kali zikaikwangua, na kwa kuwa hakuna nyasi za kuishika, kila msimu unafichua kitu kipya. Ukisimama mbele ya korongo utaona mistari ya rangi: nyekundu, kijani cha kufifia, kijivu. Ule wa kijivu hafifu ndio majivu. Tulikuwa tukiushika kwa vidole, nao ulikuwa laini kama unga wa muhogo.

Ukitoka Lodwar kwenda Kalokol, utapita nguzo za mawe za Namoratunga kando ya barabara. Kutoka Kalokol barabara ya mchanga na changarawe inakwenda kaskazini kupitia Kataboi na Nachukui hadi Nariokotome, na katika mwendo huo unapita eneo la Lomekwi. Hapo Justus Erus alipata mwaka 1999 fuvu la jamaa wa kale wa binadamu lililopewa jina la Kenyanthropus platyops, lenye umri wa miaka milioni 3.5. Hapo tena, mwaka 2011, kundi la watafiti la Sonia Harmand lilipotea njia, likapanda kilima ili kujua lilipo, na likaishia kupata zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, ambazo ni kongwe kuliko zana zote zilizokuwa zikijulikana. Kwa hiyo ukipotea usilie sana. Kusini zaidi kuna Lothagam, vilima vyekundu vyenye visukuku vya zaidi ya miaka milioni saba, na juu yake kuna makaburi ya wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita ambamo inakadiriwa walizikwa watu wasiopungua 580. Mimi ningeipa Lothagam siku nzima. Nariokotome unaweza kuimaliza kwa saa mbili.

Nina ombi moja, tena ni la sheria: usiokote. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuondoa visukuku bila kibali, na hata bila sheria, mfupa ulioondolewa katika tabaka lake umepoteza umri wake. Ukiona kijiwe chenye vitundu vidogovidogo ndani, kama mkate uliokatwa, inaelekea ni mfupa. Upige picha, weka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, andika nambari za GPS, uuache.

Mtu wa Mbita

Ninasoma haya yote nikijiuliza kwa nini watu wa Nakuru wanapanda hadi Lodwar kutafuta visukuku ilhali wanaruka Nyanza nzima. Mwalimu, kutoka kwako hadi Rusinga ni safari ya siku moja, na barabara inakufikisha kisiwani bila feri. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la Proconsul, sokwe asiye na mkia aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Ukiwa njiani una Fort Ternan, Koru na Songhor, maeneo ambayo watafiti wamekuwa wakiyarudia kwa miongo mingi, na katika rasi ya Homa kuna Kanjera na Nyayanga, ambako zana za mawe zilipatikana pamoja na mifupa ya wanyama, na huko Nyayanga ya viboko, yenye alama za kukatwa. Yule kijana wa Nariokotome ni mjukuu akilinganishwa na wa kwetu.

Ninakubali kwamba hatuna jangwa. Tuna mahindi, mbuzi na mvua ya alasiri, na visukuku vyenyewe vimefichwa chini ya mashamba ya watu, kwa hiyo hodi lazima upige. Lakini samaki utakayemla jioni hatakuwa na mchanga.

Mzaliwa wa Loiyangalani, sasa Nakuru

Mwalimu, mimi ni jirani yako, ninaishi upande wa Lanet, na kwetu ni ng'ambo ya ziwa. Dereva wa Kitale amesema kweli kuhusu kwenda mashariki peke yako, nami sitampinga, ila sitaki uondoke ukidhani kwamba upande huo ni wa kuogopwa tu. Koobi Fora iko huko, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi iliyoanzishwa mwaka 1973. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo alipata huko vipande vya fuvu linaloitwa kwa nambari yake, 1470, ambalo kwanza lilidhaniwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni tatu, kisha, baada ya mabishano marefu kuhusu tabaka la majivu, likateremshwa hadi kama milioni 1.9. Na hapo, tofauti na magharibi, utaona visukuku palepale vilipopatikana, kwa kuwa vya tembo, kobe mkubwa na mamba vimejengewa vibanda.

Kuhusu Chalbi, ni sakafu ya ziwa lililokauka. Wakati wa kiangazi unaendesha juu ya chumvi nyeupe bila barabara, ukifuata alama za magurudumu ya waliokutangulia, na kwa mbali unaona maji ambayo hayapo. Mvua ikinyesha, sakafu hiyo hugeuka uji, na gari lililozama hapo halitolewi na mtu mmoja mwenye sepetu. Watu wa North Horr huvuka magari mawili mawili.

Kama utakuja kwetu siku nyingine, njoo Januari au Februari, pamoja na gari la pili, na uchukue mwongozaji Loiyangalani kwenyewe. Upepo wa hapo huvuma usiku kucha hadi asubuhi. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme utakayoipita kusini mwa ziwa. Hema la kununuliwa dukani mjini halitauvumilia, kwa hiyo lala ndani ya kibanda cha makuti.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Nimesoma yote mara mbili, na mengine nimeyanakili katika daftari. Nitapita magharibi. Mtu wa Mbita asinune: nitarudi kwa Kisumu na kulala Rusinga usiku mmoja, kwa hiyo samaki wake nitamla.

Jana nilipiga magoti kando ya gari nikiwa na tochi na kusoma tarakimu za matairi. Manne yaliyo barabarani ni ya mwaka 2021. Lile la akiba, ambalo sijawahi kulishusha tangu ninunue gari, ni la 2009, na nilipolibonyeza ubavu likatoa unga mweusi uliobaki kwenye kidole. Nimelitoa.

Limebaki swali moja. Niliposema peke yangu sikuwa na maana ya kumkataa mtu wa kunionyesha njia. Nilimaanisha tu kwamba sitaki mazungumzo ya ndani ya gari kwa siku 12. Kati ya Kalokol na Nariokotome, je, nichukue mtu, na nimpate wapi?

Mchekecha Mchanga, Kisumu

Mchukue, Mwalimu, na si kwa ajili ya usalama peke yake. Njia za mchanga hugawanyika, zikaungana, zikagawanyika tena, na baada ya kila mafuriko dereva wa kwanza huchora njia mpya. Usimtafute kwenye kituo cha mafuta. Ukifika Kalokol, nenda kwa chifu, ujitambulishe na umweleze unakokwenda. Atakupa mtu ambaye mama yake anajulikana. Mkubaliane malipo ya siku na chakula kabla ya kuwasha gari. Wengi wa vijana wa huko wamewahi kufanya kazi na watafiti, na wengine wana jicho kuliko sisi tuliokuwa tukilipwa. Msalimu kwa Kiturkana, "Ejok", naye atakujibu, na baada ya hapo anaweza kukaa kimya hadi Nachukui. Sisi tulikuwa tukikaa hivyo siku nzima.

Dereva wa Zamani, Kitale

Mwalimu, tairi la akiba ununue kabla hujatoka Nakuru, mchana, na uligeuze mwenyewe usome tarakimu kabla ya kulipa. Chukua pia pesa taslimu za kutosha kutoka Lodwar, kwa kuwa mtandao wa simu kaskazini mwa Kalokol hukatika, na M-Pesa isiyo na mtandao ni simu tu. Ukipita Kitale nipigie honi kwenye mzunguko. Nina ule ubao wa jeki, nitakuazima.